Trekta ndogo iliyogandiwa na maji kwenye injini: namna ya kuikagua na kuitengeneza

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka maswali yanakuja yale yale. Mtu kanunua trekta ya zamani wakati wa joto, ilikuwa inawaka vizuri tu, ikalala nje winta nzima, sasa anaona kutu inachuruzika pembeni ya injini, au akijaza rejeta maji yote yanaishia chini. Anauliza nitupe? Nimwage ile dawa ya kuziba? Niiwashe kwanza nione? Wakuu, jibu ni moja kwa wote: usiwashe, usimwage kitu chochote ndani ya rejeta, na usitupe bado. Bloku (kiwiliwili cha injini) iliyopasuka kwa nje inatengenezeka nyumbani kwa hela ndogo kabisa. Inayoua trekta nyingi siyo barafu, ni haraka ya mwenye trekta baada ya barafu.

Wengi wetu tumetokea sehemu ambazo trekta inakunywa maji ya kisima mwaka mzima na hakuna shida. Morogoro au Uvira nani anawaza maji kuganda ndani ya bloku? Sasa uko Iowa, Maine au Minnesota, ambako usiku wa mwezi wa kwanza nyuzi -20 za Selsiasi (nyuzi zote humu ni za Selsiasi) siyo habari na -30 inafika. Tabia ya kuongezea maji ya bomba kila rejeta ikipungua ndo inayotuumiza, kwa sababu hata kama aliyekuuzia aliacha antifrizi (dawa ya kuzuia maji yasigande) nzuri humo ndani, kila lita ya maji uliyoongeza mwezi wa saba imeipunguza nguvu.

Mfano wangu hapa ni Ford 8N, maana ndo trekta ndogo unayoikuta kila kona ya Marekani. Zilitengenezwa kuanzia 1947 hadi 1952, zaidi ya laki tano, na spea zake mpaka leo zinauzwa mpya. Ni ya petroli, silinda 4, valvu ziko pembeni kwenye bloku na siyo juu kwenye hedi (kifuniko cha juu cha injini). Kama una Farmall Cub au Massey Ferguson 135 hatua ni zile zile ila namba zinabadilika, kwa hiyo tafuta manyuo (kitabu cha maelekezo) ya trekta yako kabla ya kukaza boliti. Cub kwa mfano haina hata wota pampu, maji yanazunguka yenyewe kwa joto.

Nadharia ni fupi: maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kama asilimia 9, na kasti (chuma cha kumimina kilichotengenezea injini) haivutiki hata kidogo, kwa hiyo kitu kinapasuka. Basi.

Andaa hivi kabla hujashika spana

- Sehemu yenye joto. Gereji, banda, hata kibanda cha kuazima, mradi pawe na nyuzi 15 hivi usiku na mchana. Bila hii usianze, epoksi haikauki kwenye baridi.
- Mabeseni mawili mapana, moja la oili na moja la kulanti (maji ya kupozea injini). Usichanganye.
- Spana za inchi na soketi zake. 8N siyo ya milimita.
- Toki renchi (spana ya kupima nguvu ya kukaza) na fila geji (visahani vya kupimia nafasi nyembamba). Maduka ya spea kama AutoZone na O'Reilly yanaazimisha vifaa vya aina hii, unaweka dipoziti, ukirudisha unarudishiwa.
- Brashi ya waya, grainda ndogo, drili, na waya mgumu mwembamba (huu waya usiusahau, utaona kazi yake).
- Mafuta ya taa, chaki nyeupe, tochi, kioo kidogo cha mkononi.
- Asitoni au dawa ya kusafishia breki.
- Epoksi ya chuma ya tyubu mbili, J-B Weld ile ya kawaida, siyo ya dakika tano.
- Gasketi ya hedi, gasketi za mifuniko, mipira ya rejeta, themostati mpya.
- Oili galoni nne na nusu hivi ya bei ya chini pamoja na filta mbili, sababu utaimwaga mara mbili au tatu.
- Antifrizi nzito isiyochanganywa na maji, galoni mbili, pamoja na maji yaliyochujwa ya dukani.

Na jambo moja kabla ya yote: antifrizi ya kawaida ni sumu na ina utamu. Mbwa anailamba, mtoto anaionja. Ukimwaga, funika beseni saa hiyo hiyo, ukimaliza peleka sehemu ya kaunti yako wanakopokea taka za sumu. Usimwage shambani.

Kazi yenyewe

1. Usiguse stata. Najua mkono unawasha, unataka tu kusikia kama inazunguka. Kama kuna barafu ndani ya wota pampu utakata mkanda au utavunja feni ya ndani ya pampu. Na kama maji yameingia kwenye oili yakaganda chini ya sampu (beseni la oili la injini), pampu ya oili imeshikwa na barafu, ukizungusha unavunja kinachoiendesha. Hapo umejiongezea ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

2. Toa betri. Angalia vizuri hapa, 8N ya asili ina betri ya volti 6 na waya wa bodi ni ule wa CHANYA, kinyume na magari yetu yote. Fungua waya wa bodi kwanza, piga picha na simu, andika kwa kalamu kwenye tepu. Watu wanarudisha betri kwa mazoea ya gari, hasi kwenye bodi, halafu jenereta haichaji wanabaki kujiuliza. Kama trekta yako imeshabadilishwa kuwa volti 12 fuata ulivyoikuta.

3. Yeyusha taratibu. Ingiza trekta ndani, washa hita ya umeme, iache siku mbili tatu mpaka chuma chote kiwe na joto la chumba, siyo juu tu. Usipige tochi ya gesi kwenye bloku na usimwage maji ya moto, kasti baridi ikipata moto sehemu moja inapasuka tena, mara hii kwa mkono wako. Na hita za mafuta au za gesi ndani ya gereji iliyofungwa zinatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua watu kila winta. Hita ya umeme, au acha dirisha wazi.

4. Fungua plagi ya oili, polepole, nusu mzunguko kwa mara moja, huku ukiangalia. Maji ni mazito kuliko oili so yanakaa chini kabisa, kama yapo yatatoka ya kwanza kabla hujaona tone la oili. Vijiko viwili vitatu ni unyevu wa kawaida wa injini iliyokaa. Nusu lita na kuendelea, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, ujue kulanti imepita kwenda ndani na lazima utafute njia iliyopitia. Mwaga yote (8N inachukua kama kwoti 6, karibu lita 5.7) na toa filta.

5. Mwaga maji, na hapa ndo wengi walipoponzwa tangu mwanzo. Koki ziko MBILI. Moja chini ya rejeta, nyingine kwenye bloku yenyewe. Mtu anafungua ya rejeta, maji yanatoka mengi, anaridhika anaenda kulala, kumbe bloku bado imejaa. Mwingine anafungua zote mbili ila ile ya bloku haitoi kitu, anadhani imekwisha. Haijaisha, imeziba! Chukua ule waya, ingiza kwenye tundu, choma choma. Kwanza inatoka tope nyekundu nzito ya kutu, tone moja moja, halafu ghafla maji yanaruka. Kama haitoki kabisa fungua koki nzima na kuvunja ile tope kwa bisibisi nyembamba. Ukiona maji meupe safi yasiyo na rangi wala utelezi wa antifrizi, umeshajua kilichotokea.

6. Kagua kwa macho kabla ya kufungua chochote. Tochi na kioo. Nyufa za barafu kwa kawaida ziko ukuta wa nje wa bloku kwenye koti la maji (nafasi ya maji inayozunguka silinda), mara nyingi mstari mrefu wa kulala, unaenda sambamba na chini ya koti. Nyembamba sana, unaiona kwa kutu au kwa rangi iliyonyanyuka. Angalia pia tanki la chini la rejeta na maungio ya mabomba yake, gamba la wota pampu, na shingo ya hedi panapokaa mpira wa juu. Kama injini yako ina zile plagi za bati za duara pembeni ya bloku angalia kama zimechomoka. Watu wanaambiwa hizo zinaokoa bloku, usizitegemee, zipo kuziba matundu yaliyobaki kiwandani ya kutolea mchanga wa kalibu. Zikichomoka ni bahati tu, bloku inaweza kupasuka huku plagi zimekaa kimya mahali pake.

7. Safisha halafu tafuta ufa kwa uhakika. Brashi ya waya mpaka kasti ing'ae, kisha asitoni. Paka mafuta ya taa eneo lote, acha dakika kumi na tano, futa kavu kabisa kwa kitambaa, sugua chaki nyeupe juu. Subiri. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yanatoka taratibu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki, na mstari huo unakuonyesha pia miisho ya ufa, ambayo kwa macho huioni. Zungushia kwa kalamu. Rudia mara ya pili mbele zaidi na nyuma zaidi maana nyufa huwa ndefu kuliko unavyodhani. Zipo na spray za rangi nyekundu na nyeupe za kazi hii, ni nzuri zaidi, ila chaki inatosha kwa ukuta wa nje.

Baada ya hapo fungua kifuniko cha pembeni kinachofunika chumba cha valvu, upande wa manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa na kutolea moshi). Watu wanaruka hii na ndo kosa kubwa kuliko yote kwenye injini ya aina hii. Ukuta wa ndani wa koti la maji uko humo, ukipasuka maji yanaanguka moja kwa moja kwenye oili na kwa nje huoni tone. Unaziba ufa wa nje vizuri, unawasha, wiki moja oili imekuwa nyeupe, unadhani gasketi. Fungua, safisha, paka chaki humo pia.

8. Sasa amua. Hii ndo hatua ya kukaa chini na karatasi.

Ufa wa nje tu, hata wa sentimita 20: unatengenezeka nyumbani, endelea hatua ya 9.

Ufa ndani ya chumba cha valvu: unawezekana kama unafikika kwa mkono na kusafishika vizuri, lakini oili imeshaingia kwenye vinyweleo vya chuma, epoksi inashika kwa shida. Hapa mimi ningempelekea fundi anayeshona kasti. Wanatoboa matundu kufuata ufa, wanaingiza pini za nyuzi zilizopandana moja juu ya nyingine, hakuna moto kabisa, na kazi ikifanywa vizuri inakaa miaka mingi.

Ufa unaoingia ndani ya silinda: hapo inabidi kubadilisha slivu (bomba la ndani la silinda), na kwanza uthibitishe bloku yenyewe nyuma ya slivu ni nzima. Kazi ya karakana ya mashine. Ufa kati ya kiti cha valvu na silinda ni habari nyingine, huo kwa kawaida unatokana na injini kuchemka zamani wala siyo barafu, usimlaumu winta.

Ufa unaopita kwenye nyumba za beringi za krankshafti (mhimili mkuu wa injini) au bloku iliyotoka kipande: tafuta injini nyingine. Hapo piga hesabu kwa utulivu maana 8N nzima inayotembea inapatikana kwa bei ambayo karakana inaweza kukutoza kwa bloku peke yake. Na ujue kwamba kwenye trekta hizi injini ndo uti wa mgongo, hakuna chesisi chini yake. Kutoa injini ni kuikata trekta vipande viwili: unashikilia gia boksi kwa stendi imara, na unapiga kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na kishikizo chake ili mbele isipinduke ubavu. Asiyewahi kufanya asifanye peke yake.

9. Kuziba ufa wa nje. Toboa tundu dogo la milimita 3 kila mwisho wa ufa, pale pale chaki ilipokuonyesha, kwa mbele kidogo. Matundu haya yanazuia ufa usiendelee kutembea, ukiyaruka kazi yote ni bure. Kisha kwa grainda au jiwe dogo la drili chimba mfereji wa umbo la V kufuata ufa, kina kama nusu ya unene wa ukuta, usipenye. Kwaruza pia eneo la sentimita 3 kila upande kwa msasa mkali, epoksi inapenda sehemu yenye makwaruzo. Asitoni, futa, asitoni tena, na kuanzia hapo usiguse kwa kidole.

Pasha eneo kwa draya ya nywele mpaka liwe vuguvugu, unyevu utoke. Changanya epoksi sawa kwa sawa kutoka tyubu zote mbili mpaka rangi iwe moja bila mistari. Sindilia ndani ya mfereji na kwenye yale matundu, halafu tandaza tabaka jembamba juu. Acha saa 24 kamili. Siyo usiku mmoja, saa 24, na gereji isipoe.

10. Kwa ufa mrefu ongeza kiraka. Hii ni njia ya zamani ya wakulima wa huku na bado utaziona trekta zenye viraka hivyo zinafanya kazi. Kata bati la chuma la milimita 3 linalozidi ufa sentimita 2 kila upande, likunje lifuate umbo la bloku, toboa matundu ya skrubu ndogo kila sentimita 2 hadi 3, kata nyuzi za skrubu kwenye bloku, weka gasketi ya karatasi iliyopakwa silikoni, kaza. Matundu mengine yatapenya mpaka kwenye maji, kwa hiyo paka skrubu zote dawa ya kuzuia kuvuja kwenye nyuzi. Angalia usitoboe mahali panapokaa silinda karibu, shika drili kwa kizuizi cha kina.

11. Hedi. Kama oili ilikuwa na maji, au unaona kutu juu ya pistoni kupitia tundu la plagi ya moto, fungua hedi hata kama umeshapata ufa mahali pengine. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, kwa urefu na kwa mshazari, pima kwa fila geji. Ikizidi kama milimita 0.15 kwa urefu wote ipeleke ikaparwe. Safisha nyuso zote mbili bila kuchimba chuma. Gasketi MPYA, usirudishe ya zamani hata kama inaonekana nzuri. Kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa mzunguko, raundi tatu: futi-pauni 25, halafu 45, mwisho 65. Injini ikishapata moto na kupoa vizuri, pitia tena.

12. Presha kabla ya kuwasha. Rudisha wota pampu, mipira mipya, themostati, funga koki zote mbili. Kama kifaa cha kupimia rejeta kinaingia kwenye shingo yako, pampu mpaka ile presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, usizidishe. Mfumo wa 8N ni wa presha ndogo, psi 4 hivi, siyo 15 kama gari la kisasa, nimeona rejeta nzima ikipasuliwa na mtu aliyekuwa anapima. Kama kifaa hakiingii jaza maji vuguvugu, acha usiku mmoja, weka karatasi kavu chini.

13. Mwaga maji ya kupimia, funga koki tena, kisha jaza antifrizi kwa mpangilio huu. Mfumo wa 8N unachukua kwoti 12, karibu lita 11.4. Watu wanachanganya nusu kwa nusu kwenye ndoo halafu wanamimina, kumbe bloku ina maji yaliyobaki ya kupimia, mchanganyiko unakuwa dhaifu bila wao kujua. Mimina KWANZA kwoti 6 za antifrizi nzito, kisha malizia na maji yaliyochujwa. Nusu kwa nusu inakulinda mpaka nyuzi -37 hivi. Na usifikiri ukiweka antifrizi tupu ndo utalindwa zaidi, ikiwa tupu inaganda mapema, kwenye -13 hivi, lazima iwe na maji. Usipite asilimia 70.

Usijaze mpaka shingoni. Acha usawa juu kidogo tu ya mabomba ya rejeta, maana trekta hizi hazina chupa ya akiba na kulanti ikipata moto inatanuka. Wageni wanajaza mpaka juu, inatema lita nzima chini, wanakuja kuuliza inavuja wapi. Haivuji, imetoa ziada.

14. Zungusha kwa mkono. Plagi za moto zote nje, gia huru, kijiko cha oili kila silinda, zungusha pole kwa mkono wa kustati au kwa puli mara kadhaa. Maji yakitoka kwenye tundu la plagi simama, kuna njia bado iko wazi. Ikiwa safi, weka oili mpya na filta, piga stata bila plagi mpaka geji ya oili inyanyuke, ndo urudishe plagi na kuwasha, mlango wa gereji wazi.

15. Iache ikimbie dakika kumi bila mzigo, izime, mwaga oili ikiwa bado ya moto. Maji yaliyojificha yanatoka nayo. Weka nyingine, rudia baada ya saa chache za kazi, na endelea mpaka oili inatoka bila weupe. Usibane oili hapa, beringi za krankshafti ni ghali kuliko galoni ya oili.

Mambo mawili ninayoyapinga wazi

Dawa za kuziba zinazomiminwa kwenye rejeta. Najua zinauzwa kila duka na chupa inaahidi makubwa. Ufa wa barafu ni mrefu, dawa haiushiki, inachofanya ni kwenda kuziba mabomba membamba ya rejeta, na baadaye trekta inachemka wakati wa kukata majani. Na ukija kutaka kuziba kwa epoksi ile dawa imekaa ndani ya ufa, hakuna kinachoshika.

Ya pili ni rafiki mwenye mashine ya kulehemu. Kasti siyo bati la geti. Kulehemu kasti kunataka vijiti vya nikeli, kupasha bloku, mishono mifupi ya sentimita 2 au 3, kugonga gonga kwa nyundo ndogo kila mshono, na kupoza polepole sana. Akipiga vijiti vya kawaida kwa mshono mmoja mrefu, utasikia tiki! ikipoa, na ufa mpya umetokea pembeni ya mshono, mrefu kuliko wa kwanza. Kama hajawahi kulehemu bloku, mshukuru na umwachie geti.

Ikisumbua baada ya kuwasha

Moshi mweupe usioisha na una harufu tamu: kulanti inaingia kwenye silinda. Kaza hedi upya kwanza, ikiendelea fungua gasketi. Moshi mweupe wa dakika tano asubuhi ya baridi ni mvuke tu, achana nao.

Mapovu kwenye rejeta injini ikikimbia: hewa ya mlipuko inapita kwenda kwenye maji. Gasketi, au hedi ina ufa.

Oili imekuwa nyeupe tena: kama ulikuwa unaiwasha dakika mbili mbili kwenye baridi ni unyevu, ifanyishe kazi mpaka ipate moto kamili kisha ubadilishe. Ikirudi na kulanti inapungua, rudi kwenye chumba cha valvu.

Inachemka haraka: themostati imewekwa kichwa chini, mkanda umelegea, au tope la kutu limejaa nyuma ya bloku. Toa koki ya bloku na suuza kwa bomba mpaka yatoke maji meupe.

Kiraka kinatoa jasho: kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana. Tone moja kwa siku unaweza kuishi nalo msimu mzima wa kulima, ila usiongezee maji matupu, ongezea mchanganyiko.

Inawaka na kuzima, au petroli inavuja chini ya kabureta: maji huingia kwenye petroli pia, yanatulia kwenye bakuli la kabureta na kuganda. Angalia bakuli lisiwe na ufa.

Haidroli hainyanyui jembe, au kuna oili chini ya tumbo la trekta: hii haihusu kulanti, ila inatokea winta ile ile. Gia boksi na haidroli za 8N zinatumia oili moja, kama galoni 5, na mvua inaingia kupitia mpira uliochanika wa mkono wa gia. Maji yanakaa chini kabisa ilipo pampu ya haidroli, yakiganda yanapasua nyumba yake. Kuna plagi tatu chini, fungua zote tatu, siyo moja, mwaga yote na weka oili mpya. Halafu badilisha ule mpira wa mkono wa gia kabla mvua nyingine haijanyesha.